Kukata mti mjini si kazi ya panga na ujasiri pekee

Na Mwandishi Wetu

KILA masika yanapokaribia, mitaa mingi ya Dar es Salaam huanza kurindima kwa ngurumo za misumeno ya mnyororo, ile ambayo vijana huiita chensoo. Wenye nyumba hutazama juu, wakayaona matawi ya miembe na mikungu yaliyoyalalia mapaa yao, wakakumbuka mvua za mwaka uliopita, kisha wakamtafuta mtu wa kuyapunguza.

Mtu huyo aghalabu hupatikana kijiweni. Huja na mwenzake, panga, kamba ya nailoni na, kama mambo yamewanyookea, msumeno wa kuazima. Bei hukubaliwa pale pale chini ya mti, na mara nyingi mazungumzo hayo ya bei ndiyo maandalizi pekee yanayofanyika.

Mwandishi wa makala haya aliishuhudia kazi ya namna hiyo miaka michache iliyopita, katika nyumba aliyokuwa amepanga. Kijana mmoja alipanda mwembe pekupeku, akaketi kwenye panda, akafunga kamba katika tawi kubwa lililoelekea paa, na ncha ya pili akamrushia mwenzake aliyekuwa chini. Kisha akaanza kukata, kutoka juu kwenda chini.

Tawi halikukatika kwa utulivu. Msumeno ulipofika nusu, tawi lilipasuka, likachana gome la shina kwa urefu wa mkono mzima, likazunguka kwa ile kamba na kumpiga yeye aliyelikata. Alianguka kutoka kimo kinachokaribia ghorofa moja, na mkono ukavunjika. Mwenzake aliyeshika kamba alivutwa hatua kadhaa kabla ya kuiachia. Mwenye nyumba alilipia teksi ya kwenda hospitali, na malipo ya kazi yakaishia hapo.

Sijaisahau sauti ya gome lile likichanika. Baadaye, katika kusoma na kuulizauliza, ndipo nilipotambua kwamba kila kosa lililotendeka asubuhi ile lina jina lake na sababu yake, na lina njia ya kuepukwa ambayo mafundi wa fani hii wamekuwa wakifundishana kwa miongo mingi.

Mti hauponi

Waingereza humwita fundi wa kazi hii kwa neno lile lile wanalomwitia daktari wa upasuaji. Kwetu, ukimtaja mganga wa miti, msikilizaji atadhani unamzungumzia mchimba dawa. Hata hivyo jina hilo la kihospitali lina historia yake.

John Davey, mzaliwa wa Somerset nchini Uingereza aliyehamia Marekani, alianzisha kazi ya kutibu miti katika mji wa Kent, jimbo la Ohio, mwaka 1880. Mwaka 1901 alichapisha kitabu alichokiita The Tree Doctor, yaani Daktari wa Miti. Wakati huo watu wengi waliuona mti kuwa kitu cha kupandwa na kukatwa tu, na wazo la kwamba unaweza kuugua na kuhudumiwa lilikuwa geni.

Davey na waliomfuata waliutendea mti ulioliwa ndani kama daktari wa meno anavyolitendea jino bovu. Walikwangua sehemu iliyooza mpaka kufikia ubao mzima, kisha wakaziba uwazi huo kwa saruji. Miti mingi ya mijini katika Marekani na Ulaya ilishindiliwa saruji tumboni kwa namna hiyo, na kwa muda mrefu hapakuwa na aliyehoji.

Aliyekuja kuhoji ni Alex Shigo, mtaalamu wa magonjwa ya mimea katika Idara ya Misitu ya Marekani. Ujio wa misumeno myepesi ya injini ulimpa nafasi ambayo wataalamu wa kabla yake hawakuwa nayo: aliweza kuupasua mti kwa urefu wake, kutoka juu mpaka chini, na kuitazama njia ambayo uozo umepita. Aliifanya kazi hiyo kwa maelfu ya miti.

Alichokiona kinapingana na mazoea yetu ya kusema kwamba kidonda cha mti kimepona. Mwili wa mwanadamu ukijeruhiwa hutengeneza nyama mpya mahali pale pale palipoumia. Mti hauwezi. Seli zilizoharibika hubaki zimeharibika daima, na unachofanya mti ni kuzizungushia ukuta. Huziba mirija ya juu na ya chini ya jeraha, hutumia pete zake za ukuaji kuzuia uozo usielekee kiini, hutumia mishipa yake ya ubavuni kuzuia usienee pembeni, na mwisho hujenga ubao mpya kwa nje, ambao ndio ukuta imara kuliko yote. Jeraha halitoweki, hufungiwa ndani na mti ukaendelea kukua juu yake. Maelezo hayo ya kuta nne yalichapishwa rasmi mwaka 1977.

Kwa ugunduzi huo, mambo mengi yaliyokuwa yakifanywa kwa nia njema yalionekana kuwa madhara. Aliyekwangua uozo mpaka kwenye ubao mzima alikuwa akibomoa ukuta ambao mti ulikwisha kuujenga, na kuufungulia uozo mlango. Saruji nayo haipindi mti unapopepesuka, hivyo husuguana na ubao kwa ndani. Hata ile desturi ya kupaka rangi au lami kwenye kidonda, ambayo kwetu bado ipo, haizuii kuoza. Mti hauhitaji plasta. Unachohitaji ni kukatwa mahali panapofaa.

Mahali penyewe panaonekana kwa macho, ila sharti ujue cha kutafuta. Tawi linapoungana na shina huwa na uvimbe mdogo unaolizunguka mithili ya kola ya shati. Uvimbe huo ni sehemu ya shina na wala si ya tawi, na ndimo zilimo seli zenye uwezo wa kujenga ukuta. Fundi hukata nje kidogo ya kola hiyo. Akikata ndani yake, akilisawazisha tawi na shina ili pavutie, ameuondoa mlango ambao mti ungejifungia. Akiacha kigutu kirefu, kigutu hufa na kuwa daraja la uozo kuingilia shinani. Wengi wetu tumefundishwa kwamba kukata kwa kusawazisha ndiyo kazi safi. Kwa mti ni kinyume chake.

Makato matatu

Tawi zito haliondolewi kwa kato moja. Ukilikata kutoka juu tu, nyuzi za upande wa chini hubaki zikilishikilia wakati uzito unalivuta, nazo huchanika na kushuka na gome la shina. Hicho ndicho kilichotokea katika mwembe ule.

Fundi huanza kwa kato la chini, umbali wa sentimeta 30 hivi kutoka shinani, na kuishia robo au theluthi ya unene. Kisha hukata kutoka juu, mbele kidogo ya lile la chini. Tawi linapoanza kupasuka, mpasuko hukutana na kato la chini na kukomea hapo, na tawi likaanguka. Kinachobaki ni kipande kifupi kisicho na uzito, ambacho hukatwa kwa utulivu nje ya kola. Kazi nzima huongeza dakika chache tu.

Kosa la pili lililofanyika asubuhi ile linahusu kamba. Kijana alifunga tawi, lakini kamba ile haikupitishwa mahali popote juu ya tawi. Ilishuka moja kwa moja mikononi mwa mtu. Tawi lilipokatika lilikuwa huru kuzunguka upande wowote, na likachagua upande aliokaa yeye.

Mafundi hupitisha kamba ya mzigo katika panda imara iliyo juu ya tawi linalokatwa, au katika kapi iliyofungwa hapo, na chini huizungusha mara mbili tatu kwenye shina lenyewe au kwenye chuma maalumu kilichofungwa shinani. Msuguano wa mizunguko hiyo ndio unaoubeba uzito. Mtu wa chini hulegeza tu kidogo kidogo. Mabaharia wetu wanaopandisha foromali la jahazi wanaielewa vema lugha hii ya kapi, gofia na mizunguko ya kamba, na nadhani baharia wa Kunduchi angejifunza kazi ya kushusha matawi upesi kuliko mkata kuni.

Wasioizoea kazi hii hawadhani kuwa uzito ni mkubwa kiasi kile. Gogo bichi lenye kipenyo cha sentimeta 40 na urefu wa meta moja tu hufikia kilo 100 na zaidi. Likiachwa lidondoke kidogo kabla kamba haijakaza, mshtuko wake huwa mara kadhaa ya uzito huo. Kamba ya nailoni inayouzwa kwa ajili ya kuanikia nguo au kufungia mizigo haikutengenezwa kwa mshtuko wa namna hiyo, na inapokatika hurudi kwa kasi kama mjeledi.

Aidha, kamba ya kubeba mti na kamba ya kubeba mtu hazichanganywi kamwe. Kamba iliyowahi kushushia magogo huwa imechoka ndani bila ya kuonyesha nje.

Mkwezi na mpandaji

Pwani yetu ina wapandaji hodari tangu kale. Mkwezi wa minazi hufunga kitanzi cha kamba miguuni, au hukanyaga vidato vilivyochongwa kwenye shina, na kufika kileleni kwa muda mfupi kuliko wa kuisoma aya hii. Mgema hupanda na kushuka kila siku, asubuhi na jioni. Kule Pemba wachumaji karafuu hutoka hadi kwenye vitawi vya nje kabisa vya mti ambao sifa yake mbaya ni kukatika bila ya kutoa onyo.

Lakini ustadi huo wote unasimama juu ya jambo moja: mpandaji asiteleze. Mikono na miguu ndiyo iliyomshika, na mikono hiyo hiyo ndiyo inayotakiwa kufanya kazi. Fani ya kisasa imebadilisha hapo tu. Mpandaji huketi ndani ya mkanda unaomzunguka kiuno na mapaja, uzito wake ukabebwa na kamba iliyopita katika panda ya juu, na mikono ikabaki huru.

Kamba hiyo haipelekwi juu kwa kupanda. Fundi hurusha kwanza uzi mwembamba wenye kifuko kidogo kizito mwishoni, kama mvuvi anayetupa mshipi, mpaka upite katika panda aliyoichagua. Kisha uzi huo huivuta kamba yenyewe. Kabla ya kupanda, watu wawili huining'inia kwa pamoja ili kuijaribu panda. Kamba ya kupandia ina unene wa milimeta 11 hadi 13 na huhimili zaidi ya tani mbili.

Siri ya kupanda imo katika fundo. Mwaka 1931 mpanda milima wa Austria, Karl Prusik, alieleza fundo linalozungushwa juu ya kamba nyingine. Ukilivuta likiwa halina uzito huteleza. Ukiliwekea uzito hung'ata kamba na kusimama. Mafundi wa miti walilipokea fundo hilo na jamaa zake, na mpaka leo, hata penye vyuma vya kisasa vya kupandia, msingi ni ule ule: kamba inamshika mtu kwa sababu ya uzito wake mwenyewe. Akizimia juu, haanguki.

Anapofika mahali pa kukata, huongeza kamba ya pili fupi kuzunguka tawi au shina. Hili ni sharti ambalo mafundi hawalifanyii mzaha: mwenye msumeno mkononi awe amefungwa sehemu mbili, kwa kuwa msumeno uliokata tawi unaweza vilevile kuikata kamba moja.

Kuna na njumu, vyuma vyenye ncha kali vinavyofungwa miguuni. Wanaopanda nguzo za umeme za mbao huvijua sana. Kwa mti unaoangushwa havina ubaya. Kwa mti unaopunguzwa tu na kutarajiwa kuishi, kila hatua ni tundu jipya katika gome, na kwa maelezo yale ya kuta, kila tundu ni jeraha lisilofutika.

Hapo msomaji wa pwani atauliza: mbona minazi huchongwa vidato na haifi? Jibu ni kwamba mnazi si mti wa kawaida. Hauna lile tabaka la seli chini ya gome linalozalisha ubao mpya, kwa hiyo kidato kilichochongwa leo kitabaki vile vile hadi mnazi utakapoanguka. Mirija yake ya maji imetawanyika katika shina zima, ndiyo maana kidato hakiukati uhai wake. Lakini una sehemu moja tu ya kukulia, nayo ni kileleni. Mwembe ukiukata kichwa utachipua. Mnazi ukiukata kichwa umekwisha.

Funza aliyefundisha msumeno

Kabla ya injini, kazi yote hii ilifanywa kwa shoka na msumeno wa mkono, na msumeno wa mkono uliopinda bado haujaondoka kiunoni mwa mpandaji. Kwa tawi lisilozidi unene wa mkono huo ni salama zaidi na mara nyingi wa haraka zaidi.

Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme mwaka 1926 na wa petroli mwaka 1929. Mashine hizo zilibebwa na watu wawili. Mwaka 1950 kampuni yake ilitoa wa petroli unaoweza kutumiwa na mtu mmoja. Leo misumeno midogo ya kutumia juu ya mti ina kilo tatu hivi, na ya betri inazidi kuenea.

Meno ya mnyororo nayo yana kisa chake. Mwaka 1946, katika jimbo la Oregon, Mmarekani Joseph Cox alikuwa akipasua kuni alipomwona funza wa mende akiula ubao, akikata kwa taya zake kushoto na kulia, kwa mkingamo na kwa kufuata nyuzi bila ya kukwama. Aliyaiga mataya hayo kwa chuma. Meno yaliyopindwa, la kushoto likifuatwa na la kulia, ndiyo yaliyomo mpaka sasa katika minyororo inayouzwa Kariakoo.

Mnyororo huo hukimbia zaidi ya meta 20 kwa sekunde. Hatari yake kubwa haiko pale wengi wanapodhani, bali iko kwenye ncha ya bamba linaloongoza mnyororo, robo yake ya juu. Ncha hiyo ikigusa ubao, msumeno hurushwa juu na nyuma kuelekea uso wa aliyeushika, kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikwepa. Ndiyo sababu ya kuwapo breki ya mbele ya mkono, ambayo husimamisha mnyororo msumeno unaporuka. Katika misumeno mingi ya kuazima breki hiyo imekufa au imeng'olewa, na mwenye msumeno hukwambia kwamba ilikuwa inasumbua.

Suruali ya kazi hii nayo inastahili maelezo, maana ukiitazama ni suruali nene tu. Ndani yake mna tabaka nyingi za nyuzi ndefu zisizofumwa kwa kukaza. Mnyororo ukiigusa, huzivuta nyuzi hizo, nazo hujisokota kwenye gia na kuusimamisha msumeno kabla haujafika kwenye nyama. Ikishakatwa mara moja haifai tena. Hapa kwetu kofia ngumu, kinga ya macho na ya masikio angalau huonekana kwa mafundi wa makampuni. Suruali hiyo ni adimu kabisa.

Juu ya kunoa, fundi humjua mwenzake kwa kuangalia kinachodondoka. Msumeno uliochongwa vizuri kwa tupa ya duara hutema vipande. Ukitoa unga, umebutuka, na mwenye nao ataanza kuukandamiza kwa nguvu, jambo linalomchosha na kumponza.

Bawaba ya mti

Mti ukiwa na nafasi ya kuangukia, huangushwa mzima. Fundi huuzunguka kwanza: umeinamia wapi, upepo unatoka wapi, una uyoga shinani, ukigongwa kwa nyundo ya mbao unalia mzima au unalia debe? Uyoga unaoota kwenye mizizi na kitako cha shina ni dalili mbaya, kwa sababu mti unaweza kuwa na majani mabichi kabisa juu huku chini umeliwa.

Kisha hukata mdomo wa pembe upande unaotakiwa kuangukia, kina chake kikiwa robo au pungufu ya kipenyo cha shina. Kato la nyuma huingizwa upande wa pili, lakini halikutanishwi na mdomo. Katikati huachwa ukanda wa ubao, unene wake kiasi cha sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Ukanda huo ndio bawaba. Mti hugeuka juu yake polepole kama mlango, na kufuata njia uliyochaguliwa. Kabari hupigwa nyuma ili mti usikalie msumeno.

Anayekata hadi mwisho, bila ya kuacha bawaba, ameuachia mti ujiamulie. Na mti ulioinama sana huweza kufanya jambo baya zaidi: hupasuka kwa urefu kabla ya kukatika, na nusu ya nyuma ikaruka juu na kurudi chini mahali aliposimama mkataji. Hata kama kila kitu kimekwenda sawa, mafundi hawasimami nyuma ya mti moja kwa moja. Huandaa mapema njia ya kutokea kwa mshazari, na watazamaji huwekwa mbali kwa umbali wa angalau mara mbili ya urefu wa mti. Katika mitaa yetu watazamaji, hasa watoto, husimama walipo kivuli.

Nyaya nazo ni kaburi jingine. Mti mbichi umejaa maji na hupitisha umeme, na si lazima waya uguswe na mtu. Tawi likiugusa inatosha. Njia za usambazaji zinazopita mitaani hubeba kilovoti 11 au 33, na mtu wa chini hawezi kuzitofautisha kwa kuziangalia tu. Mti uliokaribia nyaya ni wa kuwaachia TANESCO, ambao wana watu wa kusafisha njia za umeme na, muhimu zaidi, wanaweza kuuzima.

Funzo la mwaloni

Usiku wa kuamkia Oktoba 16, 1987, dhoruba iliangusha miti inayokadiriwa kufikia milioni 15 kusini mwa Uingereza. Mji wa Sevenoaks, ambao jina lake lina maana ya mialoni saba, ulibakiwa na mmoja kati ya mialoni yake saba mashuhuri.

Katika bustani ya Kew, London, ulikuwapo mwaloni uliopandwa mwaka 1798 ambao ulikwisha kuonekana dhaifu. Upepo uliunyanyua pamoja na sahani nzima ya mizizi na udongo, ukautua tena pale pale. Wafanyakazi waliuegemeza kwa nguzo na kwenda kushughulikia miti mingine iliyolala, wakidhani huo utakufa. Miaka mitatu baadaye walipourudia, ulikuwa umestawi kuliko kabla ya dhoruba.

Tony Kirkham, aliyekuja kuwa mkuu wa miti wa bustani hiyo, ameeleza mara nyingi walichojifunza. Nyayo za wageni kwa miaka zilikuwa zimeushindilia udongo hadi mizizi ikakosa hewa. Dhoruba iliulegeza. Tangu hapo hupuliza hewa yenye mgandamizo ardhini kuzunguka miti mikongwe ili kufanya kwa makusudi kile ambacho upepo ulikifanya kwa bahati.

Habari hiyo inatuhusu. Mwembe wa Dar es Salaam huzungushiwa saruji hadi kwenye shina, huegeshewa magari na bodaboda kivulini, na mizizi yake hukatwa na kila anayechimba mtaro wa bomba. Mizizi mingi inayolisha mti imo katika sehemu ya juu ya udongo, isiyozidi nusu meta hivi, na husambaa mbali kuliko kivuli chake. Mti uliokatwa mizizi upande mmoja leo hauanguki leo. Husubiri udongo ulowe, kisha upepo.

Na upepo haukosekani. Unguja inakumbuka kimbunga cha Aprili 1872 kilichoangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu yake, na mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilisogea mpaka maeneo ya Mafia.

Kuhusu vibali, busara ni kuanza kwa mtendaji wa mtaa na ofisa misitu wa halmashauri kabla ya kuukata mti mkubwa, hata ulio uani kwako. Kuhusu fidia, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008 huchangiwa na waajiri. Kijana aliyeitwa kutoka kijiweni kwa ujira wa siku hana mwajiri wa kumchangia. Yule wa kwenye mwembe wetu alirudi mtaani na mkono uliopinda kidogo, akawa muuza vocha.

Mwembe wenyewe bado upo. Baada ya ajali waliitwa watu wengine, wakaukata kichwa chote, kazi ambayo kwa macho ilionekana kumaliza hatari. Matokeo yake ndiyo haya ninayoyaona nikipita pale: juu ya kila kigutu yameota machipukizi mengi marefu, yaliyonyooka kama fito. Chipukizi la namna hiyo halijaungana na shina kwa ndani kama tawi la asili. Limejishikiza kwenye tabaka la nje tu, juu ya ubao unaooza, na kila mwaka linanenepa. Baadhi yamekwisha kupita unene wa paja, na yanaelekea paa lile lile.